Haut-Katanga: Wapeni vijiji hati ya pori kabla muombo wa mwisho haujawa makala

Kila alfajiri, baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makala zinaingia Lubumbashi kwa barabara za Kasenga, Likasi, Kipushi na Kasumbalesa. Nyuma yake yanafuata malori. Mji una wakaaji zaidi ya milioni mbili, na wengi wao wanapika bukari na sombe kwenye babula, kwa sababu umeme wa SNEL unafika leo na kesho unakatika, na gesi ni kitu cha wachache. Magunia hayo yamekuwa sehemu ya mandhari ya mji kiasi kwamba hakuna anayeyatazama mara mbili.

Jambo la kutazama ni umbali yanakotoka. Wazee wa Katuba na wa Kenya wanakumbuka wakati pori lilipoanza pale nyumba zilipoishia. Leo mchomaji wa makala anakwenda makumi ya kilomita kabla ya kukuta mti unaostahili shoka. Kila mwaka duara la ardhi tupu linapanuka, gunia linapanda bei, na mama wa nyumbani analipa.

Jibu la viongozi limekuwa lilelile kwa miaka mingi. Kuna bariera barabarani, ambako mwenye baiskeli analipa na kupita. Kuna siku ya kupanda miti, ambapo wakubwa wanapigwa picha wakishika jembe, na miche inaachwa ikauke mwezi wa Agosti. Kuna matamko ya kukataza ukataji, yanayosomwa redioni na kusahauliwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa chanzo cha tatizo. Chanzo ni kwamba mtu anayeishi ndani ya pori hana karatasi yoyote inayosema pori hilo ni la kijiji chake, na hana njia nyingine ya kupata feza za shule ya watoto wakati wa kiangazi. Mkimpa vyote viwili, yaani hati ya pori na bustani inayolisha, pori la Katanga lina nafasi ya kupona. Bila hivyo, bariera zitaendelea kuhesabu magunia mpaka la mwisho.

Anayekata leo hana uhakika wa kesho

Watu wa mjini wanapenda kusema kwamba mchomaji wa makala ni mjinga, kwamba hajui thamani ya pori. Hilo si kweli. Katika vijiji vya Kasenga, Kipushi, Kambove na Sakania, mtoto wa miaka kumi anaweza kutaja mti unaotoa makala mazito, mti unaolisha viwavi wa kuliwa, mahali uyoga unapoota mvua za kwanza zikinyesha, na bonde ambako akina mama wanachimba kikanda. Profesa François Malaisse, aliyefundisha na kuchunguza mimea Lubumbashi kwa miaka mingi, aliandika kitabu kizima kuhusu vyakula ambavyo watu wa eneo hili wanavipata porini. Hawa si watu wasiojua pori ni nini.

Wanajua pia jambo la pili: pori hilo linaweza kuchukuliwa wakati wowote. Tangu sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, ardhi na vilivyo chini yake ni mali ya Serikali. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliahidi kwamba haki za wanavijiji juu ya ardhi ya mababu zitawekwa wazi na amri ya Rais wa Jamhuri. Zaidi ya miaka hamsini imepita na amri hiyo haijatoka. Katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi wanaingia wenye nguvu. Mkubwa wa mjini anakuja na karatasi ya shamba la mamia ya hekta kando ya barabara. Kampuni ya migodi inakuja na kibali chake cha utafutaji. Mfanyabiashara anakuja na lori na bahasha kwa ajili ya chifu. Kijiji kinapata habari siku katapila inapofika.

Katika hali hiyo, kumwambia mwanakijiji aache mti ukue miaka ishirini zaidi ni kumwambia amwekee akiba mtu asiyemjua. Anafanya hesabu yake: nisipokata mimi leo, atakata mwingine kesho. Na hesabu hiyo ni sahihi. Mtu yeyote wa mjini, akiambiwa kwamba nyumba yake inaweza kuchukuliwa wiki ijayo, angeuza milango na mabati usiku huohuo. Pori linauzwa gunia kwa gunia kwa sababu hakuna aliyehakikishiwa kwamba litakuwa lake.

Muombo unajua kuinuka

Kuna habari njema ambayo siku za kupanda miti zinaificha. Pori la miombo, lililopewa jina lake na mti wa muombo, si pori linalohitaji kupandwa upya kila linapokatwa. Miti yake mingi ikikatwa inachipua kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi. Mahali palipokatwa vizuri, na kisha pakaachwa, vichipukizi vinaonekana baada ya mvua za kwanza. Kwa kawaida inahitajika miaka ishirini hadi thelathini ili pori hilo litoe tena miti ya kufaa kwa makala. Huo ni muda ambao familia inaweza kuupanga, ikiwa na hakika ya ardhi. Ukigawa pori la kijiji katika vipande ishirini au zaidi, ukakata kimoja kwa mwaka na kuacha vingine, siku utakapomaliza cha mwisho, cha kwanza kitakuwa tayari.

Adui mkubwa wa vichipukizi hivyo ni moto wa mwisho wa kiangazi. Jambo hili lilijulikana zamani, tena karibu kabisa na mpaka. Huko Ndola, mji wa Zambia usio mbali na Sakania, majaribio ya moto yalianzishwa mwaka 1933 kwenye vipande vya pori la miombo. Kipande kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati majani ni makavu kabisa na upepo ni mkali, kilipoteza miti yake na kugeuka kuwa uwanda wa nyasi. Kipande kilichochomwa mapema, wakati nyasi bado zina unyevu na moto unatambaa chini, kilibaki pori. Kipande kilichokingwa na moto kilizidi kujaa miti.

Funzo lake linaeleweka na kila mkulima: chomeni mapema, mwezi wa Mei au Juni, mkiwa pamoja na mkiwa na njia ya kuzuia moto, au msichome kabisa. Lakini nani atakayetoka usiku wa Septemba kuzima moto katika pori lisilo lake? Ulinzi wa moto ni kazi ya kijiji kizima, na kijiji hakifanyi kazi ya bure kwa faida ya mgeni. Hapa pia suala linarudi kwenye hati.

Kuna na tanuru. Tanuru ya udongo ya kienyeji kwa kawaida inameza kilo tano hadi kumi za kuni kavu ili kutoa kilo moja ya makala. Kuni zilizokaushwa vizuri, zilizopangwa bila mianya mikubwa, na tanuru iliyofunikwa na kuchungwa mchana na usiku, vinatoa makala mengi zaidi kwa mti uleule. Mchomaji anayejificha, anayekata usiku na kukimbia asubuhi, hawezi kungoja kuni zikauke wala kuchunga tanuru siku kadhaa. Sera ya kumfukuza inamfanya aharibu miti mingi zaidi kwa kila gunia. Mchomaji anayefanya kazi mchana, katika kipande alichopangiwa na kijiji chake, ana muda wa kuifanya vizuri.

Bustani ni nusu ya pili ya kazi hiyo

Hati peke yake haitoshi. Ukitazama kalenda ya kijiji utaona kwa nini. Mvua inanyesha tangu Novemba hadi Machi au Aprili. Mahindi yanavunwa, deni la mbegu linalipwa, na kufikia Julai ghala imepungua. Kisha unakuja mwezi wa Septemba, na pamoja nao karo, madaftari na nguo za shule. Kati ya Juni na Novemba, kwa familia nyingi, kitu pekee kinachogeuka kuwa feza kwa haraka ni gunia la makala. Asiyetaka makala hayo lazima aseme ni kitu gani kingine kitakachouzwa katika miezi hiyo.

Jibu moja linaonekana tayari kando ya Kafubu na vijito vyake, pale Kilobelobe na Kashamata, ambako akina mama wanalima lengalenga, matembele, kabichi, nyanya na vitunguu wakati wote wa kiangazi na kuuza katika masoko ya mji. Bustani hizo ni ndogo. Wengi wa wanaozilima hawana ardhi yao, wanapanga au wanavumiliwa. Hata hivyo zinalisha mji na zinaingiza feza kila wiki, jambo ambalo shamba la mahindi haliwezi. Kinachofanyika pembeni mwa mji kinaweza kufanyika katika kila kijiji chenye kijito au dambo, lile bonde lenye unyevu ambalo Katanga imejaliwa kuwa nayo mengi.

Mbinu zinazohitajika zina jina moja lililotungwa Australia, pamakacha, ambalo Bill Mollison na David Holmgren walilitangaza katika kitabu chao cha mwaka 1978. Jina ni geni, lakini sehemu kubwa ya kazi si ngeni kwa bibi yeyote wa kijijini: kuchanganya mimea badala ya kupanda mmoja peke yake, kufunika udongo kwa majani ili usikauke, kurudisha takataka za jikoni shambani, kupanda miti ya matunda mahali ambapo kivuli chake kina faida. Bibi alilima mahindi, maboga na maharagi katika shamba moja kabla mtaalamu yeyote hajafika kumwambia aache.

Katanga ina hazina yake yenyewe kwa kazi hiyo. Udongo mwekundu wa jimbo hili ni mchachu na mwepesi kuchoka, ndiyo maana wakulima wamezoea kuhama na kufyeka pori jipya. Lakini katikati ya udongo huo maskini vimesimama vichuguu vikubwa, vingine vyenye urefu wa mita kadhaa, ambavyo udongo wake una chokaa na rutuba kuliko ardhi inayovizunguka. Wakulima wengi wanapanda juu yake au wanatawanya udongo wake shambani, na wachunguzi wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi nyingi juu ya vichuguu hivyo. Kando ya barabara unaota mmea wenye maua ya njano, titonia, unaochukuliwa kama gugu, kumbe majani yake yakizikwa shambani yanaoza upesi na kulisha udongo. Mbaazi zinakaa shambani zaidi ya msimu mmoja, zinatoa chakula, na mizizi yake inaongeza rutuba. Mbolea ya kuku inapatikana katika mabanda yanayozunguka mji.

Faida kwa pori ni ya moja kwa moja. Shamba linalodumisha rutuba yake halihitaji kuhamishwa, na shamba lisilohamishwa halifyeki pori jipya. Kila hekta inayolimwa vizuri mwaka wa kumi ni hekta ambayo haikutafutwa kwa shoka.

Faida kwa meza ya Lubumbashi nayo ni kubwa. Unga wa bukari unaoliwa mjini unategemea sana Zambia. Zambia inapopata ukame, kama mwaka 2024 ambapo ilitangaza janga la kitaifa, au inapofunga mpaka wake, bei inaruka na mji mzima unatazama Kasumbalesa. Serikali za jimbo zimejaribu kutibu ugonjwa huo kwa mambo makubwa. Wakati wa gavana Moïse Katumbi, kampuni za migodi ziliagizwa kila moja kulima hekta mia tano. Kwenye ngazi ya taifa ulizinduliwa mwaka 2014 mradi wa Bukanga-Lonzo, uliomeza mamilioni ya dola na kuishia mahakamani. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mahindi bado yanapanga foleni mpakani. Kuna sababu ya kujaribu njia ndogo, mamia ya mara, katika vijiji mamia.

Tahadhari moja ni lazima isemwe wazi. Si kila udongo wa Lubumbashi unafaa kwa bustani. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wa bomba lake kuu uliangusha vumbi la metali upande ambao upepo unaelekea, mpaka sehemu zikabaki bila mimea. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mboga za majani za masoko ya mji na kukuta metali ndani yake. Kwa hiyo wanaohimiza bustani za mitaa bila kupima udongo na maji wanaweza kuwalisha watoto sumu kwa nia njema. Kupima ni kazi ya Serikali na ya chuo kikuu, na matokeo yanapaswa kutangazwa mtaa kwa mtaa, kwa Kiswahili, ili mama ajue mahali pa kupanda lengalenga na mahali pa kupanda maua tu.

Sheria ipo tayari

Wanaosema kwamba kuwapa vijiji pori ni ndoto wanasahau kwamba Congo imekwisha kuandika sheria hiyo. Code ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu chake cha 22, inasema jamii ya mahali inaweza, ikiomba, kupewa sehemu au pori lote inalolimiliki kwa desturi, tena bila kulipa. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ilieleza namna ya kuomba: pori linaweza kufikia hekta 50.000, na haki hiyo haina mwisho wa miaka. Mwaka 2016 agizo la waziri liliongeza kanuni za kuliongoza: mkutano wa jamii nzima, kamati ya uongozi, kamati ya kukagua, na baraza la wazee. Anayetia saini hati ni gavana wa jimbo.

Kwa maneno mengine, dawa haipo Kinshasa wala Geneva. Ipo kwenye meza iliyo Lubumbashi. Miaka zaidi ya kumi baada ya amri ya 2014, vijiji vingi vya Haut-Katanga havijawahi kusikia habari zake. Vingine vimesikia lakini vimekwama njiani, kwa sababu faili linadai ramani, uchunguzi wa mipaka, kumbukumbu za mikutano na safari nyingi mjini. Kijiji kisicho na msaidizi hakiwezi kubeba gharama hiyo. Haki isiyolipiwa kwa sheria imegeuka kuwa haki ya wale waliopata bahati ya kutembelewa na mradi.

Hapo ndipo juhudi za idara ya mazingira zingepaswa kuwekwa. Ofisa anayekaa kwenye bariera akiandika risiti angefanya kazi yenye faida zaidi akipelekwa kijijini na mashine ya GPS kuchora mipaka pamoja na machifu wa vijiji jirani.

Hoja za wanaopinga

Kuna wanaosema kwamba machifu watauza pori siku watakapopata hati. Hofu hii ina msingi. Biashara ya mukula, mti mwekundu uliokatwa kwa pupa katika jimbo hili na kupelekwa Uchina, ilionyesha jinsi saini ya mtu mmoja inavyoweza kufungua mlango kwa malori. Lakini mukula ulikatwa wakati vijiji havina hati. Chifu alikuwa mtu pekee aliyetambuliwa, kwa hiyo alikuwa mtu pekee wa kuhongwa. Chini ya amri ya 2014 chifu hawezi kuuza kwa saini yake: mkutano wa jamii unaamua na kamati nyingine inakagua. Kanuni hizo zinaweza kuvunjwa, kama kanuni yoyote. Hata hivyo mwanakijiji anayejua kwamba pori ni lake kwa karatasi ana mahali pa kusimama akimshtaki chifu. Leo hana.

Wengine wanasema tatizo litaisha umeme utakapokuja. Umeme ni haki ya wakaaji na lazima udaiwe. Lakini katika jimbo ambalo migodi yenyewe inanunua umeme nje ya nchi ili mitambo isisimame, mama wa Rwashi hatapika kwa umeme wa uhakika mwaka kesho wala kesho kutwa. Pori haliwezi kungoja Inga. Zaidi ya hayo, makala yakitoka kwenye pori linaloachwa likue tena ni nishati ya nchini isiyohitaji dola. Kosa liko katika kuyakata bila mpango.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: hati ya pori haizuii migodi. Chini ya ardhi ni mali ya Serikali, na kibali cha mgodi kinaweza kuangukia pori la kijiji. Ni kweli. Lakini code ya migodi inamdai mchimbaji afidie wenye haki halali juu ya ardhi. Kijiji kisicho na karatasi kinapewa alichopenda mchimbaji, magunia machache ya unga na ahadi ya shule. Kijiji chenye hati ya hekta kadhaa elfu kinaingia mezani kikiwa na jina, mipaka na hesabu ya miti. Hati si ngao kamili, ila kuna tofauti kubwa kati ya kufidiwa na kufukuzwa.

Feza zinaweza kupatikana

Kila pendekezo Congo linakufa kwa swali moja: nani atalipa? Katika Haut-Katanga swali hilo lina jibu. Code ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaagiza kwamba 15% ya kodi ya madini iende moja kwa moja kwa maeneo ya mashinani, yaani miji, komini, sekta na usultani ambako madini yanachimbwa, na 25% iende kwa jimbo. Inaagiza pia kila kampuni itenge angalau 0,3% ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Katika jimbo la shaba na kobalti, asilimia hizo si feza za mchezo.

Wakaaji wanaona zinakokwenda: jengo lenye rangi mpya bila dawa ndani, kisima kilichozinduliwa mara mbili, gari la ofisi. Kutenga sehemu ndogo ya feza hizo kila mwaka kulipia ramani za mapori ya vijiji, vitalu vya miche, pampu ndogo za bustani na kupima udongo hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji mstari mmoja katika bajeti ya jimbo na katika mikataba ya kampuni na vijiji. Wabunge wa jimbo wanaouliza kura Kasenga na Sakania wangeweza kuudai mstari huo katika kikao kijacho cha bajeti, na wapiga kura wao wangeweza kuwauliza waliudai au hawakuudai.

Wakaaji wa mji nao wana sehemu yao. Kila gunia linalonunuliwa bila kuuliza linakotoka linalipia ukataji wa usiku. Siku kutakapokuwa na vijiji vyenye hati, makala yao yanaweza kuuzwa yakiwa na alama yao, na mnunuzi ataweza kuchagua. Huenda gunia hilo litakuwa ghali kidogo. Mama mwenye babula iliyofunikwa vizuri kwa udongo, inayotunza joto, atatumia makala machache zaidi na hasara hiyo itapungua. Na babula hizo zinaweza kutengenezwa na mafundi wa hapahapa, katika mitaa ya Kenya na Katuba, kama wanavyotengeneza kila kitu kingine.

Mvua za Novemba hazingoji mtu. Vichipukizi vitatoka kwenye visiki mwaka huu, kama vinavyotoka kila mwaka, na kufikia Septemba inayofuata moto utapita juu yake, isipokuwa kuna watu wenye sababu ya kuuzima. Gavana anaweza kuanza na vijiji vichache ambavyo tayari vimeanza mafaili yao: avitembelee, asome ramani zao hadharani, atie saini. Hilo halihitaji katapila, mkopo wala mgeni kutoka mbali. Linahitaji kalamu, na uamuzi wa kumwamini mtu ambaye mababu zake walilitunza pori hilo mpaka likafika mikononi mwetu bado limesimama.